Matairi ya Peugeot 504 iliyoinuliwa: saizi za kununua na za kuacha

Tangu niinue Peugeot 504 yangu, karibu kila anayeitazama pale petroli huuliza swali moja: "Umevalisha namba ngapi?" Nikijibu kwamba ni 195R14, juu ya rimu za inchi 14 kama za kiwandani, naona uso ukinywea. Alitarajia namba kubwa. Nami nilianza hivyohivyo. Nilinunua namba kubwa, nikazipenda wiki mbili, kisha siku moja ya mvua nikateremka nazo Sachangwan, ule mteremko mkali wa barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Nitalieleza hilo mbele.

Mwongozo huu ni wa mwenye 504 ya kusukuma magurudumu ya nyuma, saluni au wagoni, aliyeinua springi kama sentimita 5 na kufunga bamba la chuma chini ya injini, na anayeishi huku kwetu: leo lami ya Nakuru, kesho murram ya Subukia, mwezi ujao matope ya Molo au kwa wakwe upande wa Ahero. 504 ilizaliwa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally 1975 mikononi mwa Ove Andersson na tena 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas. Tafuta picha za miaka ile uangalie magurudumu yake. Si makubwa. Kilichobeba magari yale ni springi ndefu, madereva wenye akili na matairi membamba yenye meno.

Namba na hesabu yake

Kwenye 205/70R15, 205 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia ya upana huo inayotengeneza kimo cha ubavu, na 15 ni rimu kwa inchi. Tairi lisiloandikwa asilimia, kama 195R14C, lihesabu kuwa karibu 80. Herufi C maana yake ni tairi la gari la mizigo.

Saluni nyingi za 504 zilivaa saizi ya 175R14, ambayo kimo chake chote ni kama milimita 634. Hiyo ndiyo namba ya kulinganishia kila kitu hapa chini. Kuna mambo mawili ambayo muuzaji hatakwambia.

La kwanza, nafasi ya chini unayopata ni nusu tu ya kimo kilichoongezeka. Tairi la milimita 693 ni refu kwa 59, lakini tumbo la gari linapanda chini ya sentimita 3. Nusu nyingine inaishia juu ya ekseli, ndani ya madigadi, mahali usipoitaka.

La pili, gia zote zinakuwa ndefu. Kwa tairi hilohilo la 693, mita ikionyesha 80 wewe uko kwenye 87, na gia ya kwanza haina tena nguvu ya kung'oa gari kwenye kilima. Kwa gari la karabureta hili si jambo dogo. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Nakuru tuko karibu mita 1,850. Molo ni kama 2,500. Yaani ukifika Molo, robo ya nguvu za injini imekwisha kuliwa na hewa nyepesi kabla hujaiongezea mzigo wa matairi mazito. Klachi ndiyo italipa deni hilo.

Mwenye wagoni asome hapa mara mbili. Kwenye saluni nyingi, difu (lile kasha la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma) imefungwa kwenye mwili wa gari, kwa hiyo ukiinua springi nayo inapanda. Kwenye wagoni, difu iko ndani ya ekseli yenyewe, nayo inakaa palepale hata ukiweka springi za lori. Kinachoinua difu ya wagoni ni tairi peke yake. Kwa hiyo mwenye wagoni ana haki ya kutamani tairi refu kuliko mwenye saluni.

Upangaji wangu, kuanzia bora

Namba moja: 195R14C yenye meno ya barabara zote. Kimo kama milimita 666. Unapata sentimita moja na nusu hivi ya nafasi chini, na mita ikisema 80 uko kwenye 84, jambo ambalo injini inalivumilia. Linakaa kwenye rimu ya upana wa inchi 5 bila kulazimishwa, kwa hiyo hununui rimu. Ubavu wake ni mrefu, zaidi ya sentimita 15, na ni mgumu. Kwenye mawe makali ya kushuka Menengai nimekwaruza ubavu mara nyingi na sijapasua hata mmoja. Ni saizi ya vani na pikapu ndogo, na hilo lina maana kubwa: ukipasukiwa jioni mahali kama Elburgon, una nafasi nzuri ya kumpata mtu mwenye nalo.

Lina kasoro moja ambayo lazima uijue. Limejengwa kubeba mizigo. Ukiona namba 106 ubavuni, tairi moja hilo linaruhusiwa kilo 950, wakati saluni ya 504 tupu ina uzito wa kilo 1,200 hivi kwa magurudumu yote manne. Kijana wa presha akiiona ile C atajaza hadi pauni 50, na gari litaruka kwenye murram kama mpira wa kikapu. Simama karibu naye. Kwangu, lami ni pauni 30, murram 24, na matope au vumbi jingi 18, kisha napandisha tena kwa pampu ya mkono kabla ya kurudi lami. Kushusha presha kumenisaidia kutoka kwenye matope kuliko saizi yoyote niliyowahi kununua.

Namba mbili: 185R14C. Kimo 650. Nafasi unayoongeza chini haifiki hata sentimita moja, na sikuwekei saizi hii kwa ajili ya nafasi. Naiweka kwa sababu ni nyepesi, bei yake ni rahisi, haigusi popote, na ipo hata kwenye vituo vidogo. Kama injini yako imechoka au safari zako nane kati ya kumi ni za lami, nunua hii yenye meno mazuri na pesa inayobaki ipeleke kwenye shokabsoba.

Namba tatu: 205/70R15. Hii ni saizi ya Suzuki ndogo za porini, kwa hiyo meno ya barabara zote yanapatikana. Kimo ni 668, karibu sawa kabisa na 195R14C, ila hili ni tairi laini la gari dogo. Linapinda vizuri likishushwa presha, na kwenye lile vumbi laini kama unga ambalo wafuasi wa Safari huliita fesh-fesh, kule Kedong na karibu na Elementaita, linaelea vizuri kuliko matairi ya mizigo. Mbona basi liko la tatu? Kwa sababu ya rimu. Lazima utafute rimu za inchi 15 zenye idadi sawa ya nati, umbali uleule kati ya nati na tundu la katikati linalokaa sawasawa kwenye habu. Wapo watakaokwambia watachimba mashimo mapya kwenye rimu ya gari lingine. Kataa. Rimu iliyochimbwa upya inaweza kukatika katikati ya mashimo, na haitakatika umesimama.

Namba nne: 195/80R15. Kimo 693. Hili nalipendekeza kwa mwenye wagoni anayeishi kwenye barabara mbovu kweli, aliyekata madigadi na aliyekubali gari lizito kuondoka. Lakini saizi hii ina sura mbili dukani. Ipo ya matatu za Hiace, imeandikwa 195R15C, ya kubeba mizigo, ngumu kama gogo. Na ipo ya Suzuki Jimny, nyepesi zaidi na laini. Zinafanana kwa kimo, hazifanani hata kidogo kwa tabia. Kwa 504 chukua ya pili. Ya matatu utaipata Kisumu, Kericho na kila stendi, na kama spea ya dharura itakufikisha nyumbani, lakini kuzivaa zote nne kwenye gari jepesi ni kujipiga mgongo bure.

Za kuacha: 215/75R15 na 27x8.50R14 (hapa 27 ni kimo na 8.50 ni upana, zote kwa inchi). Hapa ndipo nilipoangukia. Muuzaji mmoja aliniambia kwamba springi zikishainuliwa, nafasi ipo. Sikujua swali la kumuuliza. 504 mbele ina springi iliyokaa kwenye mguu wa shokabsoba, na kile kikombe kinachobeba springi kiko juu ya tairi na kinasogea pamoja na gurudumu. Ukiinua gari kwa springi ndefu, madigadi yanaliachia tairi nafasi, lakini kile kikombe hakisogei hata milimita moja mbali nalo. Tairi la milimita 703 lenye upana wa 215 linafika pale. Siku ile Sachangwan, mvua inanyesha, lori mbele yangu likafunga breki, nikakata steringi upande wa shimo. Nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Nilisimama Salgaa nikapiga jeki: bega la tairi la kushoto lilikuwa limekatwa hadi nyuzi zikaonekana. Watoto wangu walikuwa kiti cha nyuma. Matairi yale niliyauza kwa mwenye pikapu, na tangu siku hiyo sinunui tairi kabla ya kulipima kwenye gari.

Upana, na matope ya aina mbili

Wengi huamini tairi pana ndiyo dawa ya matope. Inategemea chini ya tope kuna nini. Kule Molo, Mau Summit na barabara za Nandi, mvua ikinyesha juu panateleza lakini chini pana udongo mgumu. Tairi jembamba linakata ule utelezi, linashika chini, unapita. Tairi pana linapanda juu ya tope kama ski na kukupeleka mtaroni.

Udongo mweusi wa pamba wa uwanda wa Kano ni kitu kingine. Ukilowa, chini hakuna ugumu wa karibu, na udongo wenyewe unanata. Unajaza meno, unapanda kwenye madigadi, unashindilia hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Nimewahi kuchimba madigadi kwa panga karibu na Ahero, safari ya mita 200 ikanichukua saa nzima. Kwenye udongo ule hitaji lako la kwanza ni nafasi kati ya tairi na madigadi, angalau vidole vitatu pande zote, na hiyo ni sababu nyingine ya kutojaza tairi kubwa. Ukiweza kusubiri jua, subiri.

Kuhusu meno: yale makubwa ya matope tupu yanavutia macho, lakini kwenye lami iliyolowa yanashika vibaya na kelele yake inachosha kabla hujafika Mau Summit. Meno ya barabara zote yanatosha. Nunua manne yanayofanana. Ukiweka ya matope nyuma na laini mbele, siku ya mvua mkia wa gari utatangulia.

Kabla hujatoa pesa

Funga tairi moja tu mbele, kwanza. Zungusha steringi hadi mwisho kulia, kisha kushoto, halafu piga jeki chini ya mkono wa gurudumu lile hadi springi ijikunje, na urudie. Fanya hivyo nyuma pia. Pima kama spea itaingia mahali pake.

Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita sinunui hata liwe linang'aa, kwa sababu mpira unakauka likiwa limelala dukani. Kwenye matairi ya mtumba, ingiza kidole ndani ya mifereji. Vijana wengine huchonga meno upya kwa kisu cha moto, na mfereji uliochongwa hauna tena zile nundu ndogo za kuonyesha kwamba tairi limeisha, ambazo hubaki milimita 1.6 kutoka chini. Usipoziona popote, weka tairi chini uende.

Na kama unatumia rimu za zamani za inchi 14, mwambie fundi azikague ukingo wa ndani. Rimu nyingi za enzi zile hazina kile kituta kinachozuia mdomo wa tairi kuteleza, kwa hiyo ukishusha presha hadi pauni 18 bila tyubu, tairi linaweza kuvuka rimu kwenye kona. Mimi nimeweka tyubu zote tano, ya spea ikiwamo.