Tanki la ziada la maji ya intakula kwenye pikapu yenye supachaja: uzoefu wangu

Pikapu ninayoizungumzia ni Ford F-150 Lightning ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kati ya 1999 na 2004 ikiwa na injini ya V8 ya lita 5.4, supachaja ya Eaton M112 (pampu inayoendeshwa na injini ili kuisukumia hewa zaidi) na intakula ya maji (kifaa kinachopoza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye injini) iliyokaa chini ya supachaja hiyo. Nimeifungia tanki la ziada la alumini la lita 10, lililouzwa pamoja na mabano, mipira na vibanio vyake, na nimelitumia kwa muda wa kutosha kulitolea uamuzi. Ni kifaa kizuri kwa anayejua anachonunua: tanki huhifadhi joto kwa muda, wala halipoozi chochote. Kazi ya kupoza inabaki kuwa ya rejeta ndogo iliyo mbele, na atakayelitaka tanki liifanye atalilaumu bure.

Joto lenyewe si dogo. Hewa ya nyuzijoto 30 ikigandamizwa kwa baa 0.6 juu ya shinikizo la kawaida, hata na supachaja isiyopoteza nguvu yoyote, ingefika nyuzi 70 na zaidi. Supachaja halisi huifikisha karibu na nyuzi 100, na hapo kompyuta ya injini huanza kuchelewesha cheche ili kuzuia injini kugonga, yaani mafuta kujiwakia yenyewe ndani ya silinda, na nguvu uliyoilipia inapotea. Injini inayovuta gramu 300 za hewa kwa sekunde, ikipozwa kwa nyuzi 50, huyaachia maji ya intakula takribani kilowati 15. Katika sekunde 10 za kukanyaga mafuta mpaka mwisho, joto hilo, endapo rejeta haijatoa kitu, litayapandisha maji ya mfumo wenye lita 4 kwa nyuzi 9 hivi. Ukiongeza tanki hili, maji yale yale yatapanda kwa nyuzi 2 au 3 tu. Tofauti hiyo niliihisi waziwazi, hasa katika kukanyaga mara mbili au tatu mfululizo, ambapo zamani gari lilizidi kulegea kila mara.

Ubora wa tanki lenyewe umeniridhisha. Kulehemu ni kwa mkono wa fundi aliyetulia, na ndani kuna kuta zenye matundu zinazozuia maji yasirukeruke na kuchanganyika na hewa gari linapopinda au kufunga breki ghafla. Tundu la maji kurudi limewekwa mbali na tundu la kutokea, nalo liko chini ya usawa wa maji, kwa hiyo maji yanayorejea hayamwagiki juu na kutengeneza povu. Mipira iliyokuja nalo ndiyo iliyonikera. Mpira wa upande wa kuvuta ni laini mno, na maji yakishapata moto unaweza kubonyea na kuziba njia; niliubadilisha kwa mpira wenye waya ndani. Viungo vya kona nyuzi 90 navyo vimebanwa sana, na kila kona ya namna hiyo hupunguza mtiririko.

Mpangilio wa mabomba unastahili kufikiriwa kuliko chombo chenyewe. Maji yanayotoka kwenye intakula nimeyapeleka kwanza kwenye rejeta, kwa sababu hapo ndipo tofauti kati ya joto lao na la hewa ya nje ni kubwa zaidi, na rejeta hufanya kazi kadiri tofauti hiyo ilivyo. Kutoka rejeta yanaingia tankini, kisha pampu inayarudisha kwenye intakula. Tanki liko kwenye bodi ya nyuma, likiegemea ukuta wa kabini, nayo pampu iko chini yake kwenye chesisi, kwa kuwa pampu za aina hii husukuma vizuri lakini haziwezi kujivutia maji zikiwa na hewa ndani. Kwa safari hiyo ndefu ya kwenda mbele na kurudi nilitumia mipira ya milimita 25 badala ya 19, nikaipitisha upande usio na bomba la moshi. Mdomo wa kujazia ndio ukawa sehemu ya juu kuliko zote, hivyo hewa ilitoka yenyewe pampu ilipowashwa mfuniko ukiwa wazi na injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Mdomo huo ni mpana, unapitisha barafu. Kilo 2 za barafu hunyonya takribani kilojuli 668 zinapoyeyuka, nazo huongeza lita 2 za maji, kwa hiyo nafasi lazima iachwe. Anayetumia barafu aweke pia vali ya kuikwepa rejeta, la sivyo hewa ya nje itayapasha maji aliyoyapoza kwa gharama.

Kwa kuvuta trela kwenye mlima mrefu sikuona faida. Baada ya dakika chache akiba hujaa joto, na kutoka hapo rejeta peke yake ndiyo inayoamua. Tena maji mengi huchukua muda mrefu zaidi kupoa unapofika kileleni. Mwenye kazi hiyo anunue rejeta kubwa zaidi.

Upungufu mwingine ni kwamba tanki halina tundu la sensa ya joto, nami nililazimika kumwomba fundi alitoboe na kulehemu kiungo. Sensa moja iko kwenye njia ya kutoka tankini, nyingine mahali maji yanapotoka kwenye intakula. Kwa kilowati 15, mtiririko wa lita 15 kwa dakika huleta tofauti ya nyuzi 14 hivi kati ya sensa hizo, na lita 30 huleta nyuzi 7. Ukiona tofauti imekuwa kubwa kuliko hapo ilhali injini inafanya kazi ile ile, angalia pampu na mikunjo ya mipira kabla ya kufikiria tanki kubwa zaidi.