Pampu iko Muheza, wewe uko Tanga mjini: ununue njia gani ya mawasiliano?

Kabla hujauliza bei, amua kwanza: unataka kuona tu, au unataka kuendesha? Kusoma kina cha maji tangini ni kazi nyepesi. Taarifa ikichelewa dakika kumi hakuna kinachoharibika. Kuzima pampu tangi linapojaa ni jambo jingine, na hapo ndipo watu wanaponunua vibaya.

Kwa kuendesha, namba moja kwangu ni redio ya data ya UHF (mawimbi ya masafa ya juu sana) yenye leseni. Kasi yake ndogo, mara nyingi biti 9,600 au 19,200 kwa sekunde, lakini amri ya kuwasha pampu ni baiti chache tu. Mtandao ni wako: hakuna bando la kuisha, wala mnara unaozidiwa na wapigaji siku ya Idi. Masafa ya redio yanaombwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na usilipie redio kabla hujapewa, usije ukabaki na kifaa cha masafa ya mwingine. Mashamba ya mkonge ya Ngomeni hayasumbui, mmea wenyewe mfupi. Kazi ipo kwenye vilima vya kupandia Amani na kwenye minazi ya pwani. Antena lazima zionane, tena kwa nafasi pana juu ya miti, kwa hiyo mlipe fundi apime njia kwanza. Mlingoti mrefu unaweza kukugharimu kuliko redio yenyewe.

Kwa kuona tu, laini za simu ndizo zinazoongoza. Chukua modemu ya kiwandani yenye laini mbili za mitandao tofauti. Ile ya nyumbani haihimili joto la kibanda cha bati. Omba APN ya binafsi, yaani njia yako ya pekee ndani ya mtandao wa simu, na tafadhali sana, usiache mtambo wako wazi kwenye intaneti. Udhaifu wake ni kwamba umeme ukikatika muda mrefu, betri za mnara nazo huisha, saa ileile unayohitaji habari.

Faiba, kebo inayopitisha data kwa mwanga, ndani ya kiwanda haina mshindani. Haipitishi umeme, kwa hiyo mota kubwa na radi haziichafulii data. Kuichimbia kilomita nyingi kwa ajili ya pampu moja, hapana.

LoRa, redio ndogo ya kutuma data kidogo kwa umeme kidogo, ni nafuu na betri yake hudumu miaka. Ni ya vihisio, usiiachie pampu. Setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu iwe ya mwisho: swali na jibu huchukua zaidi ya nusu sekunde, hivyo ongeza muda wa kusubiri jibu kwenye programu, la sivyo itadhani kituo kimekufa.

Kwa Pangani na Chongoleani, chumvi hula viungio vya antena. Dai vishikizo vya chuma kisichoshika kutu, utepe wa kuzuia maji na kinga ya radi kwenye kebo.

Kabla ya kumaliza malipo, mwambie muuzaji azime redio ya upande wa tangi mbele yako, pampu ikiwa inafanya kazi, uone kama inajizima ikikosa habari za tangi. Isiposimama yenyewe ndani ya muda mliokubaliana, usipokee kazi.