Kisanduku cha dawa cha wiki: aliyepata mshtuko wa moyo achukue cha vyumba 14

Visanduku vingi vya plastiki vya kupangia dawa vina vyumba saba, kimoja kwa kila siku. Kwa aliyetoka hospitali baada ya mshtuko wa moyo, mara nyingi hivyo havitoshi. Tikagrelori ya miligramu 90 humezwa asubuhi na jioni, maana nguvu yake ya kuzuia damu isigande haidumu siku nzima. Vidonge viwili vikikaa chumba kimoja, vitamezwa pamoja asubuhi, na usiku stenti (kijibomba kilichowekwa kuuacha wazi mshipa wa moyo) inabaki na kinga pungufu. Anayetumia klopidogreli ya miligramu 75, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, humeza mara moja tu. Huyo cha vyumba saba kinaweza kumfaa.

Cha vyumba 14 kina safu mbili. Mpangilio unaotokea sana ni huu: asubuhi aspirini ya miligramu 75, tikagrelori, bisoprololi na ramiprili (hizi mbili ni za moyo na presha), jioni tikagrelori ya pili na atovastatini ya miligramu 80, dawa ya kupunguza kolesteroli. Atovastatini haichagui saa, tunaiweka jioni ili asubuhi isilemewe.

Faida yake kubwa huonekana wakati wa kujaza. Weka cheti cha dawa kando, mimina dawa moja kwa siku zote saba, ndipo ushike nyingine. Ukifika mwisho hujaona statini yoyote (kundi la dawa za kolesteroli, atovastatini ikiwemo), au atovastatini imeandikwa 10 badala ya 40 hadi 80, muulize daktari. Huenda ana sababu, na huenda ilisahaulika tu siku ya kuruhusiwa. Usijiongezee mwenyewe. Uliza pia tikagrelori itakoma lini: kwa kawaida ni miezi 12, aspirini ikiendelea. Kuiacha kabla bila idhini ya daktari ni hatari kweli, stenti inaweza kuziba.

Usijaze zaidi ya wiki moja. Bisoprololi na ramiprili huanza kwa dozi ndogo na kupandishwa kadiri presha na mapigo yanavyoruhusu. Kisanduku kilichojazwa mwezi mzima kitaendelea kumpa mgonjwa dozi ya zamani. Tena kidonge kikishatoka kwenye pakiti hakina jina, kwa hiyo pakiti zitunzwe.

Nitroglicerini, kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikiuma, isiingie humu kamwe. Huvukiza na kupotea ndani ya plastiki, kidonge kikabaki na umbo bila nguvu. Ikae kwenye chupa yake ya kioo, kifuniko kimekazwa, mfukoni. Aspirini ya kuyeyusha nayo hunyonya unyevu. Iache kwenye pakiti hadi saa ya kumeza.

Kabla ya kununua, kifunge, kipindue, ukitikise. Kifuniko kikifunguka, kiache. Kikiwa kigumu mno, mwenye vidole dhaifu atamwaga vidonge. Maandishi ya siku yawe yamechorwa ndani ya plastiki, kwa sababu yale ya wino hufutika upesi. Na kwa kuwa vingi hufunguliwa hata na mtoto, kiwekwe juu, asikokifikia.