Ndago kwenye bustani ya nyumbani: dawa ipi inastahili fedha yako

Kabla ya kwenda duka la pembejeo, ng'oa shina moja la lile gugu ambalo, siku chache tu baada ya kukata nyasi, limekwisha kuupita ukoka kwa urefu, kisha liviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Likigoma kwa sababu ya pembe zake tatu, hiyo ni ndago. Tazama na suke lake. Likiwa la zambarau inayoelekea kahawia, ujue viazi vyake vimeungana ardhini kama shanga uzini. Likiwa la manjano, ni ndago ya aina nyingine, ambayo kila kiazi hukaa peke yake kwenye ncha ya mzizi.

Ninayoiweka ya kwanza ni dawa yenye kiambato cha halosulfuroni, kwa kuwa hupenya majani ikashuka hadi kwenye viazi, nayo huua aina zote mbili bila kuunguza ukoka wala nyasi za kikuyu. Jani la ndago lina nta na maji huteleza juu yake, hivyo nunua pia kile kimiminika cha kuifanya dawa ishike. Usikate nyasi siku 2 kabla ya kunyunyiza wala siku 2 baada yake. Ndago hunyauka baada ya wiki 2 au 3, na huo ndio muda ambao wengi hukata tamaa wakarudi dukani kununua dawa nyingine bure. Machipukizi yakitokea tena, rudia baada ya wiki 6 hadi 10. Kipimo chake ni gramu chache sana, kwa hiyo usikadirie kwa kijiko.

Bentazoni ni ya pili, tena kwa ndago ya manjano tu. Ile ya zambarau huungua majani kisha ikachipua upya.

Kwa kiraka kidogo chenye miche michanga, uma wa kuchimbia unatosha. Jembe liache: mimi nililitumia kwa bidii msimu mzima, likakata ile minyororo ya viazi vipande vipande, na kila kipande kikawa mche.

Glaifoseti huua ndago pamoja na ukoka wote, basi ipakwe kwa brashi, jani kwa jani. Mwisho kabisa naiweka 2,4-D, ambayo ni ya magugu ya majani mapana, pamoja na plastiki nyeusi, ambayo ncha kali ya ndago huitoboa.

Dawa yoyote utakayochagua, hakikisha lebo ina namba ya usajili, wa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kwa Tanzania au wa PCPB (bodi ya kudhibiti viuatilifu) kwa Kenya. Na ukinunua lori la udongo au vipande vya nyasi za kupanda, pekua kwa mkono kabla ya kulipa. Viazi vyeusi vyenye ukubwa wa punje ya mbaazi au zaidi vikionekana, mrudishie muuzaji mzigo wake.