Maktaba ya chuo na paswedi ya kwenye kikaratasi: uzoefu wangu kama mhadhiri

Nyota mbili. Nilianza na moja, nikapandisha mpaka nne kwa sababu ya mtu mmoja nitakayemweleza huko chini, halafu nikakumbuka yale ya kaunta nikashusha tena, kwa hiyo msishangae nikigeuka geuka humu ndani.

Nafundisha historia kwenye chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, chuo sikitaji, wa pale mtajijua. Sijaja kueleza maktaba ina ghorofa ngapi na inafunguliwa saa ngapi, hayo yapo kwenye tovuti yao. Nimekuja kuongelea paswedi.

Iko hivi. Nilikuwa nimetuma makala kwenye jarida moja la nje, inahusu reli ya Kusini, ile Waingereza waliijenga kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga, mradi wenyewe ukafa 1951 baada ya kula paundi kama milioni 36, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 60. Makala ikarudi na maoni ya wasomaji wawili, wale wataalamu ambao jarida huwapa makala waikague kabla haijachapishwa. Wa kwanza mstaarabu. Wa pili, na mliowahi kuchapisha mnamjua huyo wa pili maana kila jarida analo la kwake, anasema sijasoma maandishi ya karibuni, akanipangia orodha. Muda wa kurudisha ulikuwa mfupi. Usiku mmoja, wikiendi kama sikosei, nikakaa nimalize. Umeme upo, bando lipo, watoto wamelala, vitu ambavyo kwangu havikutanagi kirahisi.

Nafungua makala ya kwanza kwenye orodha, naambiwa dola thelathini na kitu. Karibu shilingi elfu 80 kwa kurasa kama ishirini! Na orodha bado ndefu. Nikaenda JSTOR, ile hifadhi ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, ni ndugu yetu wa siku nyingi sisi watu wa historia, lakini nayo majarida mengi yana kile kipindi cha miaka mitatu, minne, mitano ya karibuni ambacho hakifunguki, unasoma ya zamani tu, na huyu bwana wa pili anataka mapya. Isitoshe JSTOR ukiwa chuoni inafunguka yenyewe kwa sababu inautambua mtandao wa chuo, ukishatoka getini haikujui.

Sasa kuna Research4Life. Kwa wasioijua, ni mpango wa kuzifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya kitaaluma mtandaoni, ilianza 2002 na HINARI ya WHO kwa watu wa afya, mwaka uliofuata FAO wakaleta AGORA ya kilimo, ikaja ya mazingira, ya teknolojia, mwisho 2018 ikaingia ya sheria ambayo na sisi wa sayansi za jamii tunapata humo humo. Wachapishaji wakubwa wote unaowajua wamo, na Tanzania tumewekwa kwenye kundi la nchi zinazosoma bure. Bure kabisa, chuo hakilipi hata senti. Kinachotakiwa ni jina la chuo na paswedi basi. Nikaingiza niliyokuwa nayo, ikakataa. Nikaingiza tena taratibu, herufi moja moja, ikakataa.

Nikauliza kwenye grupu la WhatsApp la wahadhiri. Mmoja akatuma paswedi ya zamani kuliko ya kwangu. Mwingine akatuma stika ya mtu anacheka. Wa tatu akaniita pembeni akanitumia Sci-Hub, ile tovuti inayotoa makala za kulipia bila ruhusa ya wachapishaji, na tusidanganyane, pepa nyingi zinazoandikwa vyuoni kwetu zimepita huko kwa yule dada wa Kazakhstan aliyeianzisha, ila toka mwisho wa 2020 baada ya kushtakiwa India hawaongezi vitu vipya kama zamani, kwa hiyo makala za juzi juzi huzikuti. Nikaandika barua pepe kwenye ile anuani ya maktaba ya kuuliza maswali. Mpaka leo naisubiri.

Siku ya kazi nikapiga simu. Nikajitambulisha, jina, idara. Naambiwa, "Madam, paswedi haitolewi kwa simu. Uje."

Nikaenda. Na hapa ndipo damu inapochemka, naomba mnivumilie.

Kaunta kakaa kijana, sikio moja lina spika ya simu, la pili ndio la kutuhudumia sisi. Nimesalimia, kanijibu akiwa anaangalia skrini. Nikasema nimefuata paswedi ya Research4Life.

"Una barua?"

"Barua ya nini?"

"Ya mkuu wa idara, madam. Kuonyesha kwamba ni wa idara hiyo."

Nikamwonyesha kitambulisho, kinaning'inia shingoni, kina picha yangu, jina langu, cheo changu na jina la idara kwa herufi kubwa. Akakiangalia vizuri tu, akasema hicho ni cha kuingilia getini. Nikamuuliza sasa hapa ndani nimeingiaje. Akacheka kidogo, halafu akaniambia neno ambalo nimelala nalo wiki nzima: "Ila madam, ninyi walimu hamjagi huku. Mnakujaga mkikwama."

Yaani nimefundisha pale kabla huyu dogo hajamaliza sekondari! Na nyuma yangu wamepanga foleni wanafunzi, wengine wangu wa mwaka wa pili, wanajifanya wanasoma tangazo la faini.

Akatokea mwenzake mkubwa kidogo akamnong'oneza, nadhani alinifahamu, ndio droo ikafunguliwa. Ndani kuna kikaratasi. Paswedi ya chuo kikuu kizima, maprofesa, wahadhiri, watafiti, wanafunzi wa uzamivu, wote, imeandikwa kwa peni ya bluu kwenye kikaratasi kilichochanwa kwenye kaunta buku. Nikatoa simu. "Hairuhusiwi kupiga picha madam, andika." Nikaandika. Nikamuuliza hii ya katikati ni moja au ni L ndogo?

"Jaribu zote."

Nimeandika hapo na kufuta mara nyingi kwa sababu maneno yaliyonijia hayafai kusomwa na watu.

Sasa nitende haki. Ile paswedi kutobandikwa ukutani kuna sababu, masharti ya hawa jamaa wa Research4Life ni kwamba isiwekwe hadharani, na wakiona chuo kinapakua fujo wanaweza kukifungia, halafu tukose wote. Hilo nalielewa na maktaba siwalaumu. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini mwaka huu wa sasa siri inalindwa kwa droo. Barua pepe yangu ya chuo ninayo. Hiyo hiyo inaniingiza eduroam, ile wifi ya pamoja ya vyuo, hata nikisafiri kwenda chuo kingine simu inajiunga yenyewe. Hiyo hiyo nawekea matokeo ya wanafunzi kwenye mfumo, jambo nyeti kuliko makala ya reli ya karanga. Rafiki yangu anafundisha Nairobi, akiwa kitandani kwake anaingia kwa barua pepe ya chuo na databesi zote zinafunguka kana kwamba kakaa maktaba, na nilipomsimulia ya kikaratasi alidhani namtania. Kuna programu za kazi hiyo, zimekuwepo miaka mingi, watu wa TEHAMA wetu wanazijua, nimewauliza. Wao wanasema maktaba hawajaomba. Maktaba wanasema TEHAMA hawajaleta. Mimi katikati nimeshika L ndogo.

(Ilikuwa ni moja, by the way. Namba moja.)

Halafu ndio nikapanda juu, na hapa sifa nitatoa bila kubania. Nilitaka pia makala ya zamani kwenye Tanganyika Notes and Records, lile jarida lililoanza 1936, kwa sababu ukitaka kujua nani alisema nini kuhusu Nachingwea wakati ule huwezi kulikwepa. Kwenye katalogi inaonekana ipo. Nikaingia chumba cha mkusanyo wa Afrika Mashariki, yupo mama mmoja pale, mtu mzima, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza nyumbani, akaniuliza kazi, ndio akaniuliza shida. Angalieni mpangilio huo. Tukaenda rafuni pamoja, juzuu likatoka, limejaladiwa vizuri, tukafungua. Kurasa za makala niliyoifuata hazipo. Zimekatwa na wembe, mkato umenyooka kama wa kinyozi.

Mama akaguna. Akafunga lile juzuu taratibu, akasema "ngoja", akapotea huko nyuma kwenye makabati yanayofungwa na ufunguo, akarudi na nakala ya pili ambayo kwenye kompyuta haionekani. Anaificha makusudi kwa sababu ya hao hao wa wembe. Akaniskania mwenyewe, akanitumia WhatsApp kabla sijafika ofisini. Jioni akatuma kingine sijamwomba, ripoti ya enzi za ukoloni inayogusa bandari ya Mtwara, kaandika chini, "Nimekumbuka na hii inaongelea ile reli yako." Zile makala mpya za msomaji wa pili ambazo hata kwa paswedi ya droo zilikataa, kamtafuta mkutubi mwenzie wa chuo kingine, zikaja. Nilitamani kulia. Wasimamizi wangu wa shahada zote hakuna aliyewahi kunifuatilia hivyo.

Ndio maana nikaweka nyota nne usiku ule.

Kilichozishusha ni hiki: kumbe idara nzima tuna namba ya yule mama. Mkuu wa idara anayo, yule aliyenitumia stika anayo, profesa aliyestaafu bado anamtumia meseji saa tano usiku. Yaani huduma ya maktaba kwa wahadhiri pale kwetu ni simu ya mama mmoja, bando lake, muda wake. Mhadhiri mgeni asiyemjua anaishia kwa dogo wa droo. Halafu mwisho wa mwaka maktaba wanafungua lile daftari la mlangoni, wanahesabu waliosaini, wanaandika kwenye ripoti kwamba wahadhiri hawatumii maktaba. Tunatumia jamani! Tunaitumia usiku, tukiwa nyumbani, kwa simu, hakuna daftari huko. Wanaosaini mlangoni ni wanafunzi, na wengi wanafuata meza na soketi, wanasoma noti zetu wenyewe tulizowapa darasani.

Mafunzo ya matumizi ya rasilimali za kielektroniki huwa wanafanya, nakiri, mazuri hata, waliohudhuria wanasifia. Tatizo tangazo linaletwa kwa barua ya karatasi kwa mkuu wa idara, linagongwa muhuri, linakaa kwenye trei, likija kubandikwa ubaoni mafunzo yameshapita na chai imeshanywewa. Mafunzo ya kielektroniki hayo. Fomu ya kupendekeza vitabu vya kununua nayo inakuja kila mwaka, tunaijaza kwa adabu, ISBN na kila kitu, na sijawahi kukutana na kitabu nilichokijaza mimi. Labda vipo kwenye kabati la Mama, nitamuuliza.

Kuna mtu atasema huyu dada analalamika na ameshapata kila kitu. Ni kweli makala ilirudi kwa wakati na msomaji wa pili amenyamaza. Na kwa kusema kweli ukinilazimisha kuchagua kati ya kuwa na maktaba hii na kutokuwa nayo nitaichagua, tena nitaitetea kwenye seneti wakitaka kukata bajeti yake. Hata yule dogo, nimesikia baadaye ni wa kujitolea, halipwi, anasubiri ajira. Basi. Hasira kwake imepungua. Ile "jaribu zote" bado.

Lakini Mama anastaafu. Wahadhiri waandamizi na maprofesa tunaruhusiwa kwenda mpaka 65, yeye ni 60 na keshaikaribia, ameniambia mwenyewe anahesabu miezi, ana shamba lake huko Muheza linamsubiri. Nikamuuliza nani anaachiwa yale makabati ya nyuma, nani anajua nakala ipi imefichwa wapi. Akasema ameandika orodha kwenye daftari. Daftari liko wapi? Kwenye droo, mwanangu.

Nyota mbili. Zote mbili ni za Mama, na chuo kikimpa mkataba wa nyongeza hata wa mwaka mmoja amfundishe yule dogo, narudi hapa naweka ya tatu.