Uzoefu wangu: nyumba ya kupanga Jambiani, watu 9, siku 5, jiko letu wenyewe na mpishi wa kijijini

Habari zenu wapendwa. Nimeahidi watu wengi nitaandika kuhusu hii safari hasa upande wa chakula maana ndio nilioulizwa sana, kwa hiyo leo nimekaa naandika yote. Desemba iliyopita shule zilivyofunga tulitoka Dodoma familia nzima, mimi, mume wangu, watoto wetu watatu, mama mkwe, na wifi yangu na wanae wawili, jumla 9. Tukapanda treni ya SGR mpaka Dar, tukalala kwa ndugu, asubuhi boti mpaka Unguja, halafu tukakodi hiace moja kwa moja mpaka Jambiani, pwani ya kusini mashariki.

Kwa nini nyumba na sio hoteli? Chakula tu. Watu 9 ukiwapeleka mgahawani mara tatu kwa siku hela inaisha siku ya pili, na mama mkwe ana presha, hali chumvi nyingi, na mtoto mdogo wa wifi ana aleji ya kamba, akila midomo inavimba. Kwa hiyo nilitafuta mtandaoni nyumba yenye jiko, nikapata moja ya vyumba vinne, laki mbili na themanini kwa usiku, na mwenye nyumba akasema kuna mama wa hapo kijijini anakuja kupika ukitaka, elfu arobaini kwa siku unamlipa mwenyewe mkononi. Nikakubali.

Sasa nianze na nyumba maana hapo nina malalamiko. Kwenye picha friji ilionekana kubwa, kumbe ni lile dogo la kufika kiunoni, friza yake inaingia kuku mmoja na barafu kidogo. Mwenye nyumba aliniambia wasap "jikoni kila kitu kipo". Tumefika, sufuria kubwa kabisa inapika wali wa watu wanne. Mwiko mmoja. Hakuna mbuzi ya nazi, hakuna kifumbu cha kuchujia tui, nyumba ya pwani hiyo! Mtungi wa gesi tulioukuta ulikuwa unakaribia kuisha, usiku wa pili ukatuzimikia wali uko nusu, ikabidi mume wangu na yule kijana mlinzi watoke na bodaboda usiku kutafuta mwingine, hela tulitoa sisi na kurudishiwa ilichukua maneno mengi. Nyumba yenyewe safi, vitanda vizuri, vyandarua vizima, bahari iko hapo hapo ukifungua geti, lakini mtu anayekodisha nyumba ya watu tisa aweke jiko la watu tisa. Hilo nimemwambia na yeye mwenyewe.

Kitu kingine ambacho sikukijua ni maji. Maji ya bomba kule yana chumvichumvi, ya kuogea sawa, ila chai ya kwanza tuliyopika ilibidi tuimwage. Kuanzia hapo tukawa tunanunua maji ya kunywa na kupikia, na kwa watu 9 lita 20 kwa siku zilikuwa zinaisha, siku ya jua kali hazitoshi. Weka hilo kwenye bajeti mapema.

Sasa menyu. Mimi ni mtu wa kupanga, nilikaa wiki nzima nikaandika karatasi safi kabisa, siku tano, asubuhi mchana jioni. Jumamosi changu wa kupaka, Jumapili pweza wa nazi, Jumatatu nguru, Jumanne kamba kwa wakubwa na kuku kwa watoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikabeba mchele kilo kumi, maharage, unga wa dona, sukari, majani ya chai, na wifi akabeba viungo vya pilau. Viungo kwa kweli havikuwa na haja, sokoni Darajani, pale mjini Unguja, unapata hiliki na mdalasini harufu yake unaisikia kabla hujafika kwenye meza, na tulipita hapo kununua vitu vidogo. Mboga tukanunua soko la Mwanakwerekwe maana liko njiani ukielekea kusini, nyanya, vitunguu, karoti, hoho, ndimu, na hapo nashauri kabisa ununue za kutosha kwa sababu vijijini zipo ila chache na bei imeongezeka.

Mama mpishi alikuja jioni ile ile tuliyofika. Mtu mzima, mpole, nikamwamkia, tukakaa barazani nikampa ile karatasi. Akaisoma yote taratibu mpaka chini. Akaniambia "Mwanangu umepanga vizuri, wali, maharage, chai, hayo yote ntakufanyia. Ila samaki mie siwezi kukwambia kesho ntapata yupi. Na hiki chakula cha mchana umeandika saa saba kila siku, maji ya bahari hayatoki saa ile ile kila siku."

Sikumwelewa mpaka kesho yake. Tulifika mwezi mpevu, kipindi cha bamvua, yaani bahari inajaa na kutoka kuliko kawaida, na kule Jambiani maji yakitoka yanatoka kweli, saa nne asubuhi bahari imeenda mbali kule kwenye mwamba, hapa karibu ni mchanga na vidimbwi na vijiti vya kina mama wanaolima mwani. Hakuna kuogelea. Watoto wangu walivaa nguo za kuogelea toka saa mbili wakabaki wanaangalia. Lakini huo ndio muda ambao watu wa kijiji wako kule mwambani na vyuma vyao wanatafuta pweza, na ilipofika saa sita kasoro wakaanza kurudi na pweza mkononi, mama mpishi ametoka getini anachagua mwenyewe, anambonyeza, anakataa, anachukua mwingine. Halafu saa kumi alasiri bahari imejaa mpaka ukutani na watoto ndio wanaingia majini mpaka jua linazama.

Na kila siku yanachelewa, kama dakika arobaini mpaka hamsini, kwa hiyo siku ya tano saa ile ya chakula cha mchana ndio maji yalikuwa mbali kabisa na asubuhi ndio tukaogelea. Sasa ukipanga chakula kwa saa ya ukutani utakuta wali uko mezani na watoto wako baharini, au watoto wanalia njaa na maji ndio kwanza yanajaa. Mama alichofanya ni hiki, chakula kizito anakipika maji yakiwa yametoka, watu wapo nyumbani hawana pa kwenda, wanakula vizuri wanapumzika, halafu maji yakijaa watu wanaenda kuogelea na kitu chepesi cha kubeba. Siku mbili za kwanza hicho chepesi sikukiandaa, nilidhani mpaka chakula cha usiku watavumilia. Hawavumilii. Mtoto akitoka baharini ana njaa ambayo hamjawahi kuiona nyumbani. Kuanzia siku ya tatu tukawa tunatoka na muhogo wa kukaanga kwenye hotpoti, embe zimekatwa (Desemba embe ni nyingi mno, boribo tamu), karanga, na madafu tunanunua pale pale ufukweni. Chakula cha usiku kikawa kidogo tu, uji au chapati na mchuzi uliobaki wa mchana, saa mbili wote wamelala.

Kuhusu pweza niwaambie vizuri maana wengi wa bara tunakosea. Mimi nilimwagiza kilo mbili kwa ajili ya watu wanane, yule mwenye aleji wifi alikataa asile pweza wala ngisi kabisa kwa usalama. Mama akaniuliza mara mbili, "kilo mbili?" nikasema ndio. Pweza akipikwa ananywea, zile kilo mbili zilitoka bakuli moja, tukagawana vipande vitatu vitatu. Mara ya pili tulinunua nne na ndio zikatosha. Na namna alivyompika nimejifunza hapo hapo nimesimama mlangoni: anampiga kwanza alainike, anamweka kwenye sufuria bila maji wala chumvi kwa sababu anatoa maji yake mwenyewe na chumvi ya bahari anayo, anaiva taratibu mpaka maji yanakauka, ndio anakatwa, anaingia kwenye tui na kitunguu, thomu (kitunguu saumu), bizari na ndimu mwishoni. Tui jepesi linatangulia, tui zito la mwisho na hapo hafuniki sufuria, anakoroga tu lisikatike. Mbuzi na kifumbu alikuja navyo kutoka kwake, na sufuria kubwa mbili pia, kabebewa na mwanae kichwani. Yaani vitu ambavyo mwenye nyumba alitakiwa aviweke aliviweka mpishi.

Mama mkwe alipikiwa chake pembeni siku zote tano bila mimi kukumbusha. Nilisema mara moja tu siku ya kwanza kwamba bibi ana presha. Samaki wake alikuwa anapakwa ndimu na tangawizi, chumvi haimo, mboga yake inatolewa kabla ya chumvi kuingia. Na mtoto wa aleji, siku tuliyopika kamba alimpikia kwanza yeye kuku wake, akaosha kila kitu, akamlisha, ndio akagusa kamba. Nimekaa hotelini kwingine nimeomba jambo dogo kama hilo nikaonekana msumbufu. Huyu mama nilitaka kulia.

Siku ya tatu upepo ulikuwa mkali sana, ngalawa hazikutoka. Hakuna samaki kabisa, na kwenye karatasi yangu nimeandika nguru. Nikaanza kuwaza twende tukale mgahawani, na kweli usiku wake tulienda mara moja ule wa ufukweni karibu, watu 9 laki tatu na kumi na tano, chakula kizuri sisemi vibaya ila watoto walisubiri saa nzima na nusu mdogo akasinzia mezani. Mchana wake ndio mama alipika maharage ya nazi kwa yale maharage yangu ya Dodoma, na mchicha wa nazi, na wali, na kachumbari ya embe mbichi na pilipili. Sijui niseme nini. Mwanangu wa miaka 15 ambaye nyumbani maharage anasogeza pembeni alirudia sahani mara tatu, akamuuliza mama mpishi kama kesho upepo utakuwepo tena.

Asubuhi tulikuwa hatupiki sana, jirani wa nyumba ya tatu anakaanga maandazi na anapika mbaazi za nazi, unatuma mtoto na bakuli saa moja asubuhi, sisi tunachemsha chai tu na mchaichai. Beba bakuli lako na mifuko yako ya kitambaa, mifuko ya plastiki ni marufuku.

Hesabu niliyoandika kwenye daftari: chakula siku zote tano pamoja na maji ya kunywa na ule mtungi wa gesi, bila ule usiku wa mgahawani, kimetoka laki sita na tisini. Mpishi laki mbili, na tukamuongezea siku ya kuondoka kwa hiari yetu. Wali tulikuwa tunapika kilo moja na robo kwa mlo, nazi mbili kila kilo, na samaki wazima kilo tatu zinatutosha ukichanganya na mboga.

Ukienda na wewe, kabla hujatuma hela ya kushikilia nyumba muombe mwenye nyumba video ya jiko, sio picha, afungue friji, afungue kabati, atikise mtungi. Uliza sufuria kubwa inapika kilo ngapi. Uliza maji ya kupikia yanatoka wapi. Angalia kalenda ya mwezi, bamvua inakuja mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ndio utajua mchana watoto watakuwa wapi. Mwambie mpishi magonjwa na aleji siku ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote, halafu samaki muachie yeye. Usimuombe apike nguruwe wala usimtume pombe, ni kijiji cha Waislamu, na ukienda Ramadhani kumbuka mtu anayekupikia mchana amefunga, kwa hiyo jipikie mchana mwenyewe ndani kimya na jioni umuachie nafasi ya kufuturu.

Nyumba naipa tatu kwa tano kwa sababu ya jiko. Mpishi tano kwa tano. Mwezi wa sita tunataka kurudi ila nimeambiwa huo ni wakati wa kusi, upepo wa kusini, bahari inachafuka zaidi na samaki wanapungua, kwa hiyo tutabeba maharage mengi zaidi.

Siku ya kurudi tulisimama Darajani nikanunua mbuzi ya nazi na kifumbu. Viko hapa jikoni Dodoma sasa hivi. Nazi sokoni Majengo nimezikuta elfu moja mia tano moja, Jumapili tumenunua nne.