Kodak Ektachrome E100: slaidi inayotaka uamue rangi kabla ya kubonyeza

Ektachrome E100 ni filamu ya slaidi ya rangi, ISO 100, iliyosawazishwa kwa mwanga wa mchana wa Kelvini 5500. Kodak iliacha kutengeneza Ektachrome mwanzoni mwa muongo wa 2010, ikatangaza Januari 2017 kwamba itairudisha, na roli za milimita 35 zikaingia sokoni Septemba 2018. Za 120, yaani roli pana za kamera za fremu kubwa, na shiti za inchi 4 kwa 5 zilifuata mwishoni mwa 2019. Kwa anayepiga picha za jarida au za maonyesho ambazo rangi ndiyo habari yenyewe, hakuna filamu inayouzwa leo tunayoipendekeza kabla ya hii. Kwa mpiga picha wa harusi, hapana, na sababu zitaonekana huko mbele.

Kwanza, kwa nini slaidi? Negativu ya rangi ni nusu ya kazi. Mtu wa maabara, au programu ya skana, ndiye anayeamua baadaye kama ukuta ulikuwa wa samawati au wa kijivu. Slaidi hutoka kwenye tangi la kusafishia ikiwa picha kamili. Unaiweka juu ya meza ya mwanga na mhariri, mchapaji na wewe mnaona kitu kimoja, wala hakuna nafasi ya kubishana kuhusu rangi halisi. Ndiyo maana majarida makubwa ya karne ya 20 yalifanya kazi kwa slaidi: kiwandani, bamba za uchapaji zilitengenezwa kutokana na ule mkanda wenyewe, na mkanda huohuo ukawa kipimo cha kukagulia karatasi ya majaribio.

Njia ya rangi kufika kwenye kumbi za maonyesho ilipita kwenye majarida hayo hayo. Jarida la mitindo la Vogue lilitoa jalada lake la kwanza la picha ya rangi Julai 1932, kazi ya Edward Steichen. Kodachrome, filamu ya slaidi ya Kodak, ilipotoka 1935, mpiga picha Louise Dahl-Wolfe aliichukua akaifanyia kazi jarida la Harper's Bazaar kwa ukali wa mchoraji, akipanga vazi, ukuta na kivuli viwe familia moja ya rangi. Mwaka 1953 jarida la Life lilimpa Ernst Haas kurasa 24 za picha zake za rangi za New York. Miaka tisa baadaye, 1962, jumba la Museum of Modern Art jijini humo likamwandalia maonyesho yake ya rangi. Mpiga picha Saul Leiter alikuwa akipiga mitindo kwa ajili ya magazeti, huku slaidi zake za mtaani zikikaa masandukuni hadi 2006 zilipotolewa kitabuni.

Kisha ukaja mwaka 1976. John Szarkowski, msimamizi wa picha katika jumba lilelile, alitundika picha 75 za William Eggleston wa Memphis: baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu, vyumba vya kawaida. Mkosoaji wa New York Times aliziita za kawaida kupita kiasi. Wengi husahau kwamba Eggleston alipiga kwa filamu ya slaidi, kisha akachapisha kwa njia ya kuhamisha rangi: negativu tatu za kutenganisha, matriki tatu za jelatini, moja inabeba samawati-kijani, moja magenta, moja njano, na kila moja inakandamizwa kwenye karatasi ileile bila kuhama hata nywele moja. Njia hiyo ilitumiwa na matangazo ya biashara. Eggleston aliichukua kwa sababu ilimruhusu kuongeza, kwa mfano, wekundu wa dari bila kugusa rangi nyingine. Sanaa ilikuwa katika uamuzi, na slaidi ilikuwa mahali pa kuandika uamuzi huo.

E100 inarithi kazi hiyo, si rangi za Kodachrome. Anayeinunua akitegemea ule wekundu mzito wa Kodachrome atasikitika. Kodachrome ilikuwa kimsingi filamu ya rangi nyeusi na nyeupe iliyotiwa rangi wakati wa kusafishwa, katika maabara kubwa zenye wakemia. Ya mwisho kuisafisha ilikuwa Parsons, Kansas, Marekani, na iliacha kupokea roli mwishoni mwa 2010. Ektachrome hubeba viungo vya rangi ndani ya tabaka zake, hivyo yeyote mwenye tangi na kipimajoto anaweza kuisafisha. Rangi za E100 ni safi, nyeupe yake ni nyeupe kweli, chembechembe hazionekani hata kwenye chapa ya sentimita 40, na wekundu haupigi kelele. Kivulini chini ya anga la wazi inaelekea ubluu. Filta ya 81A, inayotia rangi joto kidogo, hurekebisha hilo kwa kupoteza theluthi moja tu ya stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu), na tunashauri isitoke mfukoni.

Ugumu uko kwenye kipimo cha mwanga. Negativu kama Portra 400 ya Kodak husamehe stopu mbili za kuzidisha, hata tatu. E100 husamehe nusu stopu, basi. Ukizidisha, kanzu nyeupe inageuka plastiki tupu isiyo na uzi wala mkunjo, na hakuna skana itakayorudisha kisichokuwepo. Ukipunguza nusu stopu, rangi zinakolea na mara nyingi zinapendeza. Kwa hiyo kanuni ni kinyume cha ile ya negativu: linda sehemu zenye mwanga, acha vivuli vijitetee.

Tutulie kidogo kwenye ngozi nyeusi, maana hapo ndipo filamu za rangi zilipotukosea kwa miongo. Maabara zilisawazisha mashine kwa kadi za Shirley, picha za wanawake weupe zilizotumwa na Kodak kama kipimo cha ngozi "ya kawaida". Utafiti wa Lorna Roth wa Canada unaeleza kwamba malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Kwenye slaidi hakuna mchapaji anayekisia ngozi yako kwa kadi ya mtu mwingine. Rangi ya uso inategemea tabaka za filamu na kipimo chako. Hii ni nafuu kubwa, lakini inakuachia mzigo wote.

Fanya hivi. Tumia kipima mwanga cha mkononi chenye kuba nyeupe, kiweke mbele ya uso wa mtu kikielekea kamera, na ufuate kinachosoma. Ukipima kwa kamera moja kwa moja kwenye shavu jeusi, kamera itadhani ni kijivu cha wastani na itazidisha, na ngozi itatoka na majivu huku nguo nyeupe ikipotea. Katika hali hiyo punguza stopu moja hadi moja na nusu kutoka kwenye kipimo cha shavu. Jua la saa sita mchana Mombasa au Zanzibar lina tatizo la pili. Kati ya uso mweusi ulio kwenye kivuli cha kofia na kanzu iliyo juani kuna stopu tano au zaidi, na huo ndio mwisho wa uwezo wa E100. Ongeza mwanga usoni: ubao mweupe wa mita moja ukishikwa karibu, au flashi iliyopunguzwa stopu moja na nusu chini ya mwanga wa jua. La sivyo subiri saa kumi na moja jioni.

Kuna njia nyingine, ya kukiacha kivuli kiwe cheusi tii na kukifanya sehemu ya mchoro. Viviane Sassen, Mholanzi aliyeishi Kenya utotoni, amejenga sehemu kubwa ya kazi yake ya mitindo na ya ukumbini juu ya vivuli vikali na rangi bapa zilizokolea. E100 inafaa sana kwa lugha hiyo, ilimradi kivuli kimechaguliwa na hakikutokea tu kwa sababu kipimo kilikosewa.

Ndani ya nyumba, chini ya balbu za zamani za Kelvini 3200, utahitaji filta ya bluu ya 80A inayokula stopu mbili, hivyo unabaki na kasi ya ISO 25 na tripodi. Taa za mirija hutoa ukijani mbaya. Taa za LED za bei nafuu ni mbaya zaidi, kwa sababu hukosa vipande vya wekundu na hakuna filta itakayoviongeza. Leta flashi yako.

Joto la pwani ni adui. Roli zikae kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na zitolewe saa moja hadi moja na nusu kabla ya kufunguliwa, vinginevyo unyevu utatua juu ya filamu na kuacha madoa. Ukishapiga, safisha mapema, na usiiache roli ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa mchana mmoja. Uwanja wa ndege omba ikaguliwe kwa mkono, hasa palipo na mashine mpya za CT, ambazo huiharibu filamu hata ya kasi ndogo.

Kusafisha ni E-6, mchakato wa dawa za slaidi, na hapa wengi hukwama. Mashine za C-41, mchakato wa negativu za rangi, zilizobaki kwenye maduka ya picha si za slaidi. Ukiipitisha humo makusudi utapata negativu yenye kontrasti kali na rangi zilizopinda kuelekea ukijani, mtindo ulioshamiri kwenye majarida ya mitindo miaka ya 1990. Ukiipitisha kwa bahati mbaya umepoteza kazi. Andika "E-6" kwa kalamu nene kwenye kila roli.

Nyumbani, seti ya dawa tatu ya lita moja husafisha takriban roli 8 hadi 12, kutegemea mtengenezaji. Tangi la kawaida hutaka mililita 300 kwa roli ya 35 na 500 kwa ya 120. Maji ya bomba Dar es Salaam tayari yana joto, kwa hiyo beseni kubwa na kifaa cha kupashia maji chenye kidhibiti vinatosha kufikia nyuzi 38. Dawa ya kwanza ndiyo moyo wa kazi: dakika 6 katika nyuzi 38, na usitoke nje ya theluthi moja ya nyuzi. Osha vizuri. Dawa ya rangi kwa dakika 6 pia, kisha ile inayochanganya kupausha na kugandisha, kisha maji mengi na sabuni ya mwisho. Seti kamili ya dawa sita hutenganisha kupausha (dakika 6) na kugandisha (dakika 4), na kwa kazi ya kudumu tunaipendelea, kwa sababu dawa iliyochanganywa huchoka haraka na kuacha fedha ndani ya picha.

Makosa yanasomeka ukijua pa kutazama. Roli nyeusi yote, yenye namba safi pembeni, haikupita mbele ya lenzi. Picha zikiwa za giza lakini namba za pembeni zinang'aa, ulipunguza mwanga kwenye kamera. Namba nazo zikififia, dawa ya kwanza ilikuwa baridi au imechoka. Picha zenye matope, nyeupe yake ikiwa ya kijivu, bado zina fedha: zirudishe kwenye dawa ya mwisho, ile ya kupausha na kugandisha, zikiwa mbichi, hata siku ya pili, zitasafika. Tone la dawa ya mwisho likiingia kwenye ya kwanza, mwaga yote. Ukihitaji ISO 200, ongeza dawa ya kwanza hadi dakika 8 hivi. Kontrasti itapanda na nyeusi zitapungua uzito kidogo. Zaidi ya hapo hatushauri.

Udhaifu mkubwa wa E100 hauko kwenye filamu bali katika yaliyoizunguka. Kodak iliacha vifaa vya kuhamisha rangi miaka ya 1990, na karatasi ya Ilfochrome, iliyochapa slaidi moja kwa moja, nayo imekwisha. Leo kila chapa inapita kwenye skana. Skana za mezani za bei nafuu hazipenyi vivuli vya slaidi, huvigeuza kuwa giza lenye kelele. Kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro, juu ya taa yenye CRI (kipimo cha uaminifu wa rangi) ya 95 au zaidi, hufanya vizuri zaidi. Piga mara mbili kwa mwanga tofauti kama vivuli ni vizito, na weka slaidi yenyewe kando ya skrini unaporekebisha. Au irushe ukutani. Mpiga picha Nan Goldin alionesha kazi yake kwa projekta, mamia ya slaidi zikiambatana na muziki, na hakuna chapa inayofikia mwanga ule. Rusha nakala tu, kwa maana taa ya projekta hufifisha rangi.

Washindani wakuu ni wawili kutoka Fujifilm. Velvia 50 ni ya mandhari, na nyuso huzitia wekundu usiofaa. Provia 100F ni nzuri na baridi kidogo, lakini upatikanaji wake unayumba, na kwa ngozi nyeusi kahawia ya E100 ina joto na kina zaidi. Portra 400 ni jibu tofauti kabisa: laini, ya kusamehe, ya kufanyia kazi siku nzima bila kupumzika. Harusi, mikutano, watoto wanaokimbia, tumia hiyo.

E100 ni ghali kuliko negativu, na gharama ya kusafisha iko juu yake. Kwa hiyo kama una kamera ya 120, nunua hiyo: picha 10 za sentimita 6 kwa 7 kwenye roli moja zinakulazimisha upime kila moja, na slaidi ya ukubwa huo mhariri anaisoma kwa jicho tupu. Ukiwa na ya milimita 35, tumia roli nzima ya kwanza kwa mtu mmoja, vazi moja na mahali pamoja, ukibadilisha theluthi ya stopu kila mara na kuandika kila kipimo, kabla hujaipeleka kwenye kazi ya mteja.